Kaseti Kwenye Kibuyu cha Mbegu

Nilisoma mpaka darasa la nne, na huo mwaka wa nne nusu yake nilikuwa nyuma ya mbuzi. Nasema mapema ili mtu asije akadhani nilibebwa. Redio nilijifunza kwa kufungua redio za watu na kuzirudisha zikiimba. Taipureta hivyo hivyo. Miaka ya tisini ilipofika katikati, nilikuwa na duka langu la kuchapa mjini Embu, nyumba ya mawe mtaa wa Majimbo, na mashine ya fotokopi ambayo watu walikuja kuiangalia hata kama hawana karatasi ya kutoa nakala. Ukiuliza mjini ni nani anachapa kadi za harusi zisizo na makosa, uliletwa kwangu ukiwa umeshikwa mkono.

Kwa hivyo siku ndugu yangu mdogo alipofika na kompyuta nyuma ya pikapu ya kuazima, nilimwambia aiweke pale kwenye kona, nikaendelea na kazi. Ndani yangu moyo ulikuwa unaruka kama mwanambuzi, lakini sikumwonyesha.

Huyo ndugu yangu nilimsomesha mimi. Alifika chuo kikuu, akarudi akaajiriwa kwenye ofisi moja kule Meru, upande wa Kinoru, akitengeneza kompyuta za watu waliovaa tai. Mimi alikuwa ananiita mkubwa. Mama alikuwa anamwita baba, kwa sababu mtoto wa pili wa kiume kwetu hupewa jina la babake mama, na mama hangeweza kumwita baba yake vingine. Mimi nilikuwa na jina la babake baba. Kwa hivyo mama aliniita mzee tangu nikiwa na kamasi. Nadhani ndiyo maana nilianza kujiona mtu mkubwa mapema.

Ile mashine haikuwa na programu ambazo kila mtu mjini alikuwa anazitaja. Ilikuwa na Linux. Alinieleza kwamba imeandikwa na watu wa nchi nyingi, kila mmoja akileta chake, na hakuna mwenyewe wa kuja kukufungia. Nikamwambia hayo yote ni mazuri, lakini Kiingereza changu anakijua. Akacheka. Akakaa kwangu Jumamosi na Jumapili kadhaa, akitoka Meru asubuhi na kurudi jioni, na alipomaliza, mashine ilikuwa haina Kiingereza tena pale mbele. Ukiiwasha, inakusalimu kwa Kimbeere. Halafu inakuuliza leo tunachapa nini: moja ni barua, mbili ni kadi, tatu ni mtihani wa shule, nne ni ratiba ya mazishi. Unabonyeza namba, basi. Sijaona kitu kama hicho tena, na nimeona mengi. Watu wa benki walikuwa wanakuja kuangalia mtu wa darasa la nne akiendesha kompyuta kwa lugha ya mamake.

Ila alinitilia na utani. Ukikosea, mashine inakutukana, kwa adabu. Ya kwanza kabisa naikumbuka: "Mkubwa, umebonyeza vibaya. Usiilaumu mashine, imeamka kabla yako." Na kila asubuhi ukiiwasha, chini ya salamu kuna sentensi moja mpya. Alikuwa ameziandika nyingi kwenye faili moja, na mashine inatoa moja kwa siku, kwa mpango, kama mtu anayeshusha gunia moja moja. "Mkubwa, miwani iko mfukoni. Ivae, wateja hawatakucheka." Nilikuwa kweli nimeificha mfukoni. Nikampigia simu ofisini kwake nikimuuliza kama ameweka mtu wa kunichungulia. Akasema ananijua, hahitaji mtu.

Nikishuka Kiambere kumwona mama, nilikuwa namhesabia sentensi za wiki. Mama alikuwa anakaa kule chini karibu na bwawa, mahali ambapo stima ya nchi inatengenezwa na yeye anawasha taa ya mafuta. Alikuwa anacheka mpaka anaweka ungo chini. "Huyo baba yangu," anasema, "mdomo wake hauna mlango." Halafu anauliza kesho atasema nini. Namwambia sijui, mpaka kesho.

Ndugu yangu akaanza kukonda. Ilikuwa miaka ambayo watu walikuwa wanakonda na hakuna aliyetaja jina la ugonjwa. Alikuwa bado anakuja, lakini sasa anakaa mbele ya kompyuta amevaa sweta mbili, akikohoa, akiandika. Nilidhani ananitengenezea programu ya hesabu za duka. Alikuwa anaongeza sentensi.

Siku moja alichomeka kifaa pembeni ya mashine, akatia kaseti. Si kaseti ya muziki. Hii ni nene kama kipande cha sabuni ya kufulia, chini ina bati. Ilizunguka asubuhi nzima ikilia kama cherehani. Alipoitoa akanipa pamoja na karatasi aliyoandika kwa mkono, hatua kwa hatua, kwa Kiswahili rahisi. Akanieleza kwamba ndani ya ile kaseti mashine iko yote. Si barua tu, yote, vile ilivyo siku hiyo. Diski ikifa, unaweka diski mpya, unafuata karatasi, na mashine inaamka kama ilivyokuwa. Haitajua hata kwamba ilikufa.

"Isikae hapa dukani," akaniambia. "Duka likiungua, vitaungua vyote. Peleka mbali. Na kila mwezi uichukue uijaribu kama inasomeka. Mkubwa, unanisikia? Kila mwezi."

Nikamwambia mimi nilikuwa natengeneza redio yeye akinyonya. Akatikisa kichwa, akalala kwenye kiti.

Mbali kwangu ni kwa mama. Nikashuka Kiambere na hiyo kaseti kwenye mfuko wa shati, nimejaa maneno. Mama alikuwa jikoni anachagua pojo. Angeweza kuipokea tu akaiweka sandukuni na nguo zake za kanisa, na leo nisingekuwa na haya ya kuandika. Lakini mimi nilitaka aelewe. Sikupenda kamwe kumpa mtu kitu bila kumweleza ukubwa wake na ukubwa wangu niliyekileta. Nikafikiria nitaielezaje mashine kwa mtu asiyejua mashine, na nikaona nimepata neno zuri sana.

"Mama," nikasema, "hii ni mbegu. Ile kompyuta ya mwanao ikifa, tunapanda hii, inaota nyingine, na yeye yumo ndani na maneno yake yote. Iweke mahali unaweka kitu cha maana zaidi."

Aliipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza, akainusa. Akaniuliza kama inataka baridi au joto. Nikacheka, nikamwambia aiweke tu kama mbegu. Nikamwachia chumvi na majani ya chai, nikaenda zangu nikijisifu njia nzima kwa jinsi nilivyoeleza.

Ndugu yangu alikufa kabla ya mvua. Ratiba ya mazishi niliichapa mwenyewe, namba nne, kwenye mashine yake. Iliniuliza kwa Kimbeere jina la marehemu ni nani, kama ilivyokuwa ikiuliza kila mtu. Nikabonyeza vibaya, ikaniambia nisiilaumu.

Sikuwa nimefikiria asubuhi itakuwaje. Siku niliyofungua duka baada ya mazishi, niliiwasha ile mashine kwa sababu kulikuwa na mitihani ya kuchapa. Ikanisalimu. Chini ikaandika: "Mkubwa, umempelekea mama chumvi? Usijibu. Nenda."

Nilitoka nje nikasimama karibu na mtaro mpaka jirani, fundi wa viatu, akaja kuniuliza kama ni tumbo.

Kuanzia hapo nilikuwa wa kwanza kufungua duka mtaa mzima. Nilikuwa naiwasha, nasoma, naandika kwenye daftari la mfukoni, na Jumapili nampelekea mama. Sasa alikuwa hacheki sana. Alikuwa anasikiliza kichwa kimeinama, kama mtu anayesikiliza mtu wa chumba cha pili. Sijawahi kujua faili lile lilikuwa na sentensi ngapi. Ningeweza kumwomba mtu alifungue tuzisome zote kwa mara moja. Sikutaka. Wakati ziko, alikuwa bado ana la kusema.

Halafu asubuhi moja ikaandika: "Mkubwa, kesho tuongee habari ya mbuzi mweusi."

Hiyo sikuiandika kwenye daftari.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili hivi, yeye saba. Tulikuwa tunachunga. Nikamwachia mbuzi wote, nikavuka lagha, ule mto mkavu, kwenda kucheza vifuniko vya soda na wavulana wa ng'ambo. Niliporudi, mbuzi jike mweusi wa baba, aliyekuwa na mimba, hakuwepo, na hakuonekana tena. Jioni baba akauliza. Nikasema mimi nilikuwa nimeenda kuchota maji, na huyu mdogo ndiye alilala. Mdogo akanitazama, halafu akatazama chini. Alichapwa na mshipi wa ngozi ya ng'ombe. Hakusema neno siku ile, wala mwaka ule, wala siku yoyote katika miaka niliyokuwa nikimwambia kila mtu kwamba nimemsomesha mimi. Nilikuwa nimejiambia kwamba alikuwa mdogo, amesahau.

Ile siku nzima sikuchapa vizuri. Mchana stima ikapotea, ikarudi kwa kishindo, ikapotea tena, ikarudi. Taa moja ya duka ikapasuka. Kompyuta ikaanza kutoa mlio ndani, ka, ka, ka, kama kucha kwenye bati. Kioo kikawa cheusi. Nikaizima, nikaiwasha. Ka, ka, ka. Hakuna salamu.

Siwezi kusema niliogopa. Niliwaambia watu waliokuwa kwenye foleni wasiwe na wasiwasi, kwamba mimi si kama wenye maduka wengine, mimi nina nakala ya mashine nzima, na kesho kutwa watakuta kila kitu vile walivyokiacha. Niliwaeleza hata jinsi inavyofanyika. Mwalimu mmoja akasema hajawahi kusikia mtu aliyejipanga hivyo. Nilikubaliana naye.

Nikashuka Kiambere siku iliyofuata. Mama aliponiona si Jumapili, akajua. Nikamwambia kompyuta imekufa, nimekuja kuchukua mbegu. Uso wake ukang'aa. Sijui niseme nini tena kuhusu ule uso. Alikuwa mwanamke aliyezika mume na mtoto, na sasa kuna kitu kinaombwa ambacho yeye alikuwa amekitunza.

Akaingia jikoni, akapanda kigoda, akanyoosha mkono juu ya moto, kwenye itara, lile dari la fito ambapo moshi unapita mchana na jioni, mahali ambapo kwetu mbegu huwekwa ili fukusi asiiguse. Akashusha kibuyu cheusi kinachong'aa kwa masizi. Ndicho kibuyu cha mbegu ya mtama ya mamake, alichokuja nacho alipoolewa. Akakizibua. Akamimina kwenye ungo, na yakatoka majivu, majivu laini ya kuchekecha, na katikati ya majivu ikatoka kaseti.

"Nimeibadilishia majivu kila mwezi," akasema. "Hakuna mdudu amefika."

Kila mwezi. Mimi sikuwa nimekumbuka hata mara moja.

Plastiki ilikuwa imepinda kidogo, rangi imekuwa ya chai. Nikaitikisa, majivu yakamwagika. Nilikuwa fundi wa kaseti na redio tangu ujana wangu, nilijua nilichokishika. Nikamwambia, "Umeitunza vizuri, mama." Akanifungia kwenye leso safi.

Nilipitia Embu nikachukua kompyuta na kile kifaa chake, nikapanda navyo mpaka Meru. Kule ofisini Kinoru kulikuwa na mwanamke aliyefanya kazi meza moja na ndugu yangu, na kwenye mazishi alikuwa amelia kuliko jamaa wengi. Nikamwekea kila kitu mezani. Akafungua leso, akaangalia kaseti, akanitazama.

"Mzee, hii ilikuwa inakaa wapi?"

Nikamwambia kwa mama.

"Mama alikuwa anaipika?"

Alikuwa anatania, halafu akaona uso wangu. Nikamweleza ile itara na majivu. Hakucheka tena. Alisema tu kwamba yeye pia kwao mahindi ya mbegu yako juu ya moto.

Yule dada alifanya kazi siku mbili. Diski ya zamani alisema haifai tena, imejikwaruza yenyewe. Akachukua diski mpya akaifunga ndani. Kaseti akaifungua kwa bisibisi ndogo, akautoa utepe, akaupangusa kwa pamba na spiriti, kipande kwa kipande, akauhamishia kwenye ganda la kaseti nyingine. Mimi nilikuwa nashika taa. Karatasi ya ndugu yangu ilikuwa mezani, na kila hatua alikuwa anaisoma kwa sauti ingawa aliijua, na mahali palipoandikwa "sasa pumua, mkubwa" akasimama kidogo kabla ya kuendelea.

Siku ya pili mchana, utepe ukazunguka. Majina ya mafaili yakaanza kupanda kwenye kioo, moja baada ya jingine, na kila jina maana yake kimetoka kitu kwenye kaseti kimeingia kwenye diski. Nikaanza kumwambia yule dada kwamba familia yetu ni watu wa kutunza. Yalipanda mengi. Akanieleza kwamba hayo ni ya Linux yenyewe, hata kwenye sidii yapo, na ya ndugu yangu yako mwisho wa utepe. Tukangoja. Kifaa kikaanza kuguna. Kikasimama, kikarudi nyuma, kikajaribu tena. Halafu kwenye kioo likatokea jina moja peke yake: asubuhi.

"Ndilo hilo," dada akasema kwa sauti ya chini. "Ndipo alipokuwa anaziandika."

Utepe ukakatika.

Tulisikia, ulikuwa mlio mdogo sana. Jina liliingia, lakini ndani yake hakuna kitu. Alinionyesha: faili la asubuhi, herufi sifuri. Utepe uliobaki ulikuwa umeshikana kama majani ya tumbaku yaliyoloa, akajaribu kuubandua, ukaacha weusi wake kwenye vidole vyake. Akaniambia pole. Akauliza kama kulikuwa na nakala ya pili. Nikatikisa kichwa. Akauliza mara ya mwisho tuliijaribu lini.

Nikamwambia mimi ni mtu mwenye shughuli nyingi.

Alinitengenezea mashine upya kwa sidii. Biashara haikusimama hata wiki mbili, na wateja wangu hawakujua lolote. Ilikuwa na Kiingereza pale mbele, na nikajifunza kwa kukariri, maana hakuna kitu nikitaka kujifunza kinanishinda. Ilikuwa nzuri tu. Haikunitukana.

Jumapili nikashuka Kiambere. Mama alikuwa amekaa nje ananingoja, ingawa sikuwa nimesema nitakuja.

"Imeota?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Imeota, mama."

Akafumba macho, akashukuru Mungu. Akaniuliza amesema nini. Nami nilikuwa sijajiandaa. Nikamwambia amesema nimenenepa shingo. Mama akacheka. Akasema nimletee mbegu nyingine basi, maana ile imepandwa, na kibuyu hakiwezi kukaa kitupu.

Kwa hivyo kila karibu na mvua nilikuwa nampelekea kaseti mpya isiyo na kitu, naye anaizika kwenye majivu na kuiweka juu ya moto. Na kila nikishuka nilikuwa nimetunga maneno. Njia nzima kutoka Embu natafuta jinsi ndugu yangu angenisema. Nimejisifu maisha yangu yote, sikujua kujitukana ni kazi ngumu namna ile. Nilikuwa nasema kofia yangu haifai. Nilikuwa nasema naongea sana kanisani. Mama alicheka kidogo, kila safari pungufu ya safari iliyopita, mpaka siku moja akasema siku hizi baba yake amekuwa mpole sana kwangu.

Labda ni hilo lililonisukuma. Safari iliyofuata nilimkuta jikoni, ungo magotini, anapepeta mtama. Akauliza kama kawaida yake.

"Leo amesema ni mimi niliyempoteza mbuzi mweusi," nikasema. "Kwamba nilikuwa ng'ambo nikicheza. Kwamba alichapwa badala yangu."

Mikono yake ikasimama. Mtama ukatulia kwenye ungo.

"Hiyo aliniambia siku ile ile," akasema. "Nikimpaka mafuta mgongoni. Akaniapisha nisimwambie baba yenu. Na wewe nisikuambie kwamba najua, akasema utaona haya."

Moshi ulikuwa unaniingia machoni, nikauacha.

"Mzee," akasema mama, "baba yangu hangesema hilo neno. Hata kwa mashine."

Akaendelea kupepeta. Makapi yakaruka, punje zikabaki. Hakuniuliza kitu kingine, nami nilingoja aniulize. Ningemwambia yote, hata ile sentensi ya mwisho ambayo sikuiandika, na kwamba sitajua kamwe angeniambia nini kesho yake.

Nilipoinuka kwenda, nilitoa kaseti mpya mfukoni kwa mazoea, halafu nikataka kuirudisha. Akanyoosha mkono akaichukua. Akapanda kigoda, akakishusha kibuyu, akatoa ile ya zamani, akamwaga majivu yote, akakipangusa ndani kwa kitambaa muda mrefu. Akatia kaseti. Akaziba kwa gunzi la hindi, akakirudisha juu.

Majivu hakutia.